Asilimia Sabini kwa Picha ya Karatasi

Muulize yeyote aliyewahi kuagiza mashine kubwa kutoka China, Dubai au Japani afanyeje mtu ili asipigwe. Jibu utakalopewa Kariakoo halitofautiani na lile la Industrial Area, Nairobi: toa asilimia 30 waanze kazi, kisha usitoe asilimia 70 iliyobaki mpaka utumiwe nakala ya BL. Kanuni hiyo imezoeleka kiasi kwamba wauzaji wenyewe huiandika kwenye ankara kabla mnunuzi hajaitaja. Husemwa kwa sauti ya mtu mzoefu, na masikioni inafanana na tahadhari, kwa sababu fedha kubwa hubaki mfukoni hadi mzigo upande meli. Mimi naipinga. Kwa mtu anayenunua trekta, ekskaveta, kinu cha kusaga au mashine ya kufyatua matofali mtandaoni, kutoka kwa muuzaji asiyemfahamu, ushauri huu ni wa hatari kuliko kukosa ushauri kabisa. Asiye na kanuni huendelea kuuliza maswali. Mwenye nakala ya BL hunyamaza saa ileile ambayo swali moja lingeweza kuokoa fedha zake.

Hati ya shehena, ambayo bandarini kila mtu huiita BL, hutolewa na kampuni ya meli au wakala wake. Ni stakabadhi ya mzigo uliopokewa na ushahidi wa mkataba wa kuusafirisha, na juu ya hayo ndiyo inayompa mtu haki ya kuudai mzigo unapofika. Kwa desturi hutolewa hati halisi tatu. Mnunuzi wa asilimia 70 hana hata moja. Ana PDF iliyokuja kwa WhatsApp. Hilo peke yake silo tatizo, maana muuzaji mwaminifu naye ana haki ya kushikilia hati halisi hadi alipwe. Tatizo ni kuamini kwamba picha hiyo walau inathibitisha kuwa mashine imo melini. Kontena lenye mzigo wa mtu mmoja hufika bandarini likiwa limekwisha kufungwa na kutiwa lakiri na muuzaji, na kampuni ya meli hailifungui. Kwa hiyo huandika kwenye BL kwamba mzigo unasemekana kuwa ni kadha wa kadha, na kwamba kupakia, kupanga na kuhesabu kumefanywa na mpakiaji mwenyewe. Kanuni za Hague za mwaka 1924, zilizo msingi wa sheria za usafirishaji baharini katika nchi nyingi, hazimlazimishi msafirishaji kutamka idadi au uzito ambao hana njia ya maana ya kuukagua. Hivyo BL iliyo halali kabisa, yenye mhuri halali, ya meli inayoelea kweli, inakuhakikishia kwamba kuna sanduku limeondoka. Kuhusu kilichomo ndani inarudia maneno ya muuzaji, yaleyale uliyokuwa ukitaka kuyathibitisha. Na hapo nazungumzia BL halali. Ya kughushi humgharimu tapeli jioni moja kwenye kompyuta.

Watetezi wa kanuni hii wana jibu la haraka: wanaopigwa ni wageni wa biashara, wenye tamaa ya bei ya chini, wasiojua kusoma nyaraka. Basi tuwatazame wanaozisoma kama kazi yao ya kila siku. Mwaka 2020 Mercuria, kampuni ya Geneva inayouza mafuta na madini duniani kote, ililipa dola milioni 36 kwa shaba iliyokuwa ikitoka Uturuki kwenda China. Makontena yalipofunguliwa yalikutwa na mawe ya kutandazia njia, yamepakwa rangi ili yafanane na shaba. Kwa maelezo yaliyotolewa wakati huo, shaba halisi ilipakiwa mbele ya wakaguzi na makontena yakatiwa lakiri, kisha yakafunguliwa baadaye, mzigo ukabadilishwa na lakiri bandia zikawekwa. Februari 2023 Trafigura, mshindani wake, ilitangaza kwamba huenda ikapata hasara ya hadi dola milioni 577 kwa makontena ya nikeli yasiyokuwa na nikeli. Wala huu si ugonjwa wa zama za intaneti. Januari 1980 meli ya mafuta Salem ilizama mbele ya pwani ya Senegali, na mabaharia wake wakaokolewa wakiwa na mabegi yao yamefungwa vizuri. Hati zilisema imebeba karibu tani 200,000 za mafuta ghafi. Sehemu kubwa ilikuwa imeshashushwa kwa siri Durban, katika Afrika Kusini iliyokuwa ikisakamwa na vikwazo vya mafuta. Shell, iliyokuwa imeununua mzigo huo ukiwa safarini, ilizama na nyaraka zake. Mwaka uliofuata ICC, chama cha kimataifa cha wafanyabiashara, kilianzisha ofisi ya IMB. Sisi huku tunaifahamu zaidi kwa taarifa zake za maharamia wa Somalia, lakini ilianzishwa kupambana na ulaghai wa mizigo, na mojawapo ya huduma zake ni kuhakiki BL. Sidhani kama matajiri hao wote walikuwa washamba.

Wengine hujipa moyo kwa bima. Bima ya mizigo ya baharini hulipa kitu kilichoharibika au kupotea, na ili kitu kipotee lazima kwanza kiwe kilikuwapo. Mahakama Kuu jijini London iliamua hivyo hasa mwaka 2018 katika kesi ya Engelhart. Mnunuzi alikuwa na bima pana ya hatari zote, akapokea makontena ya makapi ya tanuri badala ya shaba, na mahakama ikasema bima hiyo haikulinda mzigo ambao haukuwahi kuwapo. Wenye uwezo zaidi hufungua LC, yaani barua ya dhamana ya malipo, benki. Sibishi kwamba hiyo ni njia bora kuliko kutuma fedha moja kwa moja, lakini kifungu cha 5 cha UCP 600, kanuni za ICC zinazotawala LC tangu Julai 2007, kinasema waziwazi kwamba benki hushughulika na nyaraka, haishughuliki na bidhaa. Nyaraka zikilingana, benki inalipa. Mahakama ya New York ilifungua mlango mdogo mwaka 1941 katika kesi ya Sztejn, ambapo mnunuzi aliyeagiza manyoya ya kutengenezea brashi kutoka India alilalamika kuwa amepakiliwa masanduku ya nywele za ng'ombe na takataka. Ilikubali kwamba benki inaweza kuzuiwa kulipa, kwa sharti kwamba ulaghai ujulikane kabla ya malipo. Anayetegemea karatasi huujua kontena likiwa limeshafunguliwa Kurasini.

Ajabu ni kwamba mashine nzito ni miongoni mwa bidhaa ambazo uongo wake ni rahisi kuukamata, kwa sababu ya ukubwa wake. Mlango wa kontena la kawaida una upana wa takriban mita 2.34 na kimo cha mita 2.28, lile refu zaidi hufika kama mita 2.58. Ekskaveta ya tani 20, kijiko kwa lugha ya saiti, ina upana wa karibu mita 2.8 ikiwa imesimama kwenye minyororo yake. Haiingii. Isipofunguliwa vipande itasafiri kwa meli ya ro-ro, ambayo mitambo huingizwa kwa kuendeshwa, au juu ya kontena bapa lisilo na paa wala kuta za ubavuni. BL inayosema kijiko kizima kimo ndani ya kontena la kawaida la futi 40 imejikana yenyewe, lakini mnunuzi aliyefundishwa kutafuta mhuri na jina la meli ataipita bila kusita. Uzito nao unasema. Tangu Julai 2016 mkataba wa kimataifa wa usalama baharini, SOLAS, unataka uzito wa kila kontena lililopakiwa uthibitishwe na kutangazwa kabla halijapanda meli. Trekta la tani nne ndani ya kontena ambalo lenyewe lina tani mbili na ushee haliwezi kuleta jumla ya tani tatu. Kufuatilia namba ya kontena, ambako wengi huona ndiyo hakikisho la mwisho, kuna mtego wake. Tapeli mwerevu huchukua namba ya kontena la kweli lililobeba vigae vya mtu mwingine. Utalitazama kwenye tovuti halali ya kampuni ya meli likipita Singapore, na moyo wako utatulia. Kuna pia BL zinazotolewa na mawakala wa mizigo wenyewe. Nyingi ni halali, lakini kampuni ya meli ukiiuliza namba yake haiitambui, na katika mwanya huo mtu anaweza kuuza chochote.

Hata hivyo vipimo hivi ni vya kukamata uongo ukiwa umeshasemwa, na mzizi wa jambo uko kwenye masharti ya mauzo. Katika CIF, inayopendwa na wanunuzi wetu kwa kuwa bei hutajwa moja hadi Dar es Salaam au Mombasa, muuzaji ndiye anayemchagua msafirishaji, anayemlipa, na anayepokea hati kutoka kwake. Mnunuzi anaombwa kuamini shahidi aliyeletwa na upande wa pili. Tapeli hahitaji hata kampuni ya meli hapo. Huunda wakala wa kubuni mwenye tovuti, simu inayopokelewa na ukurasa unaosogeza nukta kwenye ramani kila asubuhi. Baadaye wakala huyo huanza kudai ada ya forodha iliyosahaulika, kisha bima ya ziada, kisha faini katika bandari ya njiani. Ukinunua kwa FOB, ambapo nauli ya meli hupangwa na kulipwa na mnunuzi, na kumteua wakala wako mwenyewe, mnyororo huo unakatika, kwa sababu mashine inalazimika kutoka mikononi mwa muuzaji na kuingia mikononi mwa mtu unayeweza kumfikia. (Wataalamu wa Incoterms, yaani istilahi za kimataifa za masharti ya mauzo, watanikumbusha kwamba kwa makontena istilahi sahihi ni FCA. Wako sahihi, na hoja inabaki palepale.) Mawakala wa forodha hupewa leseni na TRA kwa Tanzania na KRA kwa Kenya, kwa hiyo wanahakikiwa; muulize wako anafanya kazi na nani Qingdao au Yokohama. Kisha mlipe mkaguzi asimame yadini siku ya kupakia, asome namba iliyopigwa kwenye chesisi, awashe injini na kupiga picha ya namba ya lakiri, ambayo baadaye utailinganisha na iliyo kwenye BL. Na kwa yaliyowapata Mercuria, gari linalotoka yadini kwenda bandarini liwe la wakala wako.

Ipo hatari nyingine ambayo kanuni ya asilimia 70 inaiita yenyewe. Wahalifu wanaoingilia barua pepe za kampuni husubiri saa ya malipo makubwa, na nakala ya BL ni kengele inayowaambia saa imefika. Siku hiyohiyo hufika ujumbe kwamba akaunti ya muuzaji imebadilika. Mwaka 2023 kituo cha FBI cha malalamiko ya uhalifu wa mtandaoni kiliripoti hasara ya dola bilioni 2.9 kutokana na ulaghai wa aina hii. Hapa hata muuzaji awe mwaminifu na mashine iwe kweli baharini, fedha zimekwenda kwa mwingine. Mpigie muuzaji kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, si ile iliyo ndani ya ujumbe mpya.

Nitaambiwa haya yote ni gharama. Ni kweli, ingawa mkaguzi wa siku moja China hutoza dola mia chache, na anayenunua mtambo wa dola 40,000 hana sababu ya kulia juu ya hizo. Kwa kimashine cha dola 800 hesabu haikubali, na hapo ninakubali kushindwa: lipa ndani ya mfumo wa soko la mtandaoni lenyewe, usishawishiwe kutuma fedha nje yake. Nitaambiwa pia kwamba biashara ya Bahari ya Hindi ilijengwa kwa kuaminiana karne nyingi kabla ya wakaguzi. Ilijengwa kwa kuaminiana kwa watu waliojuana, wenye ndugu na washirika Muscat, Kutch na Lamu, ambapo aliyedhulumu bandari moja aliharibikiwa jina katika zote. Muuzaji wa mtandaoni hufuta ukurasa na kufungua mwingine.

Muuzaji wa China naye ana hofu yake ya kweli kuhusu FOB, na wanaowashauri wanunuzi huku wangefaa kuijua. Amesikia visa vya mawakala walioteuliwa na mnunuzi wakatoa mzigo bila kudai hati halisi, yeye akabaki ameshika karatasi. Hofu hiyo ina dawa. BL itolewe na kampuni ya meli yenyewe, muuzaji aandikwe kama mpakiaji, na hati zote tatu zikae kwake hadi asilimia 70 iingie. Yeye analindwa na hati halisi, wewe unalindwa na watu wako walioiona mashine ikipakiwa. Atakayekataa mpango huo, akang'ang'ania kwamba nauli lazima ipitie kwake, anaweza kuwa na sababu isiyo ya wizi, kwa kuwa wauzaji wengi hujiongezea faida kidogo kwenye nauli. Mwambie aiongeze kwenye bei ya mashine.