Samaki wa Mapambo

Kuna maneno matatu ningependa yafutwe kwenye vibao vya maduka ya Dar es Salaam: samaki wa mapambo. Pambo ni ua la plastiki. Pambo ni kitambaa cha meza. Likichakaa unalitupa, unanunua jingine, na hakuna atakayekuuliza lile la kwanza lilikwenda wapi. Ukishamwita kiumbe pambo, umemhukumu kabla hujamtia majini.

Nasoma umahiri wa isimu, kwa hiyo mniwie radhi nikipita kwanza kwenye sarufi. Kiswahili kinamweka samaki upande wa watu: samaki amekufa, samaki wawili wanaogelea. Chenye uhai kina a- na wa- yake, hata kama ni kidogo kuliko kidole gumba. Sasa nenda dukani umsikilize muuzaji: "Hii elfu tatu, zile kubwa elfu tano." Hii. Zile. Simcheki kwa lugha ya mtaani, maana hata mimi nikiwa mbele ya kikaango nasema "samaki zangu". Ila aliye kwenye kikaango amekwisha kufa. Wa dukani bado anapumua, na duka zima limepangwa kana kwamba hapumui: bakuli hapa, kokoto za buluu pale, samaki juu yake kama nyongeza.

Huyu ninayemsemea alikuwa juu ya kaunta ya mapokezi ya ofisi moja ambayo sitaitaja. Samaki dhahabu, urefu wa kidole, ndani ya bakuli la kioo lisilozidi lita nne, pamoja na mnazi wa plastiki. Ilikuwa Februari, na mnaijua Februari ya Dar. Alikuwa amelala ubavu karibu na uso wa maji, mdomo ukifunguka na kufumba hewani, mapezi ameyabana, yana michirizi myekundu. Nilipouliza, dada wa mapokezi alinijibu bila ubaya wowote: "Huyo anakufa kaka, kesho wanaleta mwingine. Wa tatu huyo tangu Krismasi." Nikamwomba nimchukue. Akanipa kopo tupu la aiskrimu.

Wa tatu. Ofisi ya wasomi watupu, na hakuna aliyeuliza wawili wa kwanza waliuawa na nini.

Waliuawa na maji yao wenyewe. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake. Ziwani au mtoni inapotelea kwenye maji mengi, na bakteria wanaigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo makali yake ni madogo zaidi. Bakteria hao wanataka mahali pa kukaa na wiki kadhaa za kuzaliana. Kwenye bakuli jipya hawapo, na likioshwa kila Jumamosi kwa sabuni hawatakuwapo kamwe. Basi samaki anaogelea ndani ya choo chake. Kadiri maji yanavyopata joto, ndivyo sehemu yenye sumu ya amonia inavyoongezeka na oksijeni inavyopungua. Huyu ni samaki wa maji baridi, asili yake China, naye amewekwa dirishani Dar es Salaam ili wateja wamtazame wakisubiri kuitwa.

Rafiki yangu anayefanya kazi kwenye maabara ya maji aliyapima yale niliyokuja nayo. Miligramu 4 za amonia kwa lita. Akasema, "Hawa wangekuwa perege wa mradi, wafadhili wangeshapiga simu."

Matibabu yenyewe hayana maajabu, na hilo ndilo linaloniudhi. Pipa la plastiki la lita 60. Pampu ndogo ya hewa. Sponji iliyokwisha kutumika, niliyopewa na mfugaji mmoja wa Tegeta, chafu kwelikweli, na uchafu huo ndio wenye bakteria. Maji ya bomba niliyalaza kwenye ndoo wazi siku nzima ili klorini itoke, nikawa nabadilisha theluthi ya pipa kila asubuhi kabla ya darasa. Chumvi gramu 120 kwa pipa zima, kwa sababu kloridi iliyomo inazuia nitriti isiingie kwenye damu kupitia matamvua. Juu nikafunika khanga ili apate giza. Siku nne hakula. Ya tano alimeza nusu ya njegere iliyochemshwa na kumenywa, akaitema, akaimeza tena.

Siku ya tisa mapezi yakaanza kuwa na weusi. Ninayekaa naye chumbani akasema, "Ameoza huyo, mmwage." Weusi huo aghalabu hutokea pale majeraha ya amonia yanapopona. Nawaza ni wangapi wamemwagwa chooni wakiwa wanapona.

Na hapo ndipo swali lilipokuja, kama linavyokuja siku zote: watu wanakosa dawa hospitalini, wewe unamuuguza samaki? Nimelisikia kantini, nimelisikia kwenye daladala, mwenzangu mmoja amelituma hata usiku wa manane. Ni swali zito na silidharau. Ila angalieni anayeulizwa. Ofisi ilinunua bakuli, kokoto, mnazi na samaki watatu ndani ya miezi miwili, na hakuna aliyesimama pale mapokezi kuwauliza kuhusu wagonjwa wa hospitalini. Fedha ya kununua haina maswali. Anahojiwa anayetibu.

Wengine wananiambia, mbona unawala? Nawala, tena kwa nazi. Mjomba wangu anauza samaki Feri, na nilipompelekea hoja hiyo alifikiri kidogo, kisu mkononi, akasema, "Mjomba, wangu wanakufa siku moja. Huyo wako walikuwa wanamuua kwa miezi." Sina la kuongeza kwa mjomba.

Wa mwisho ni wale wanaosema samaki hasikii maumivu. Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake, huko Uskoti, walionyesha kwamba trauti ana neva za kupokea maumivu kichwani, na kwamba alipodungwa asidi midomoni aliisugua kwenye changarawe na kukawia kurudi kula. Bado wanasayansi wanabishana juu ya kile anachohisi hasa. Waendelee kubishana, lakini ubishi huo usiwe kisingizio cha mwenye bakuli.

Uingereza kulikuwa na samaki dhahabu aliyeitwa Tish. Alishindwa kama zawadi kwenye maonyesho mwaka 1956, akafa mwaka 1999. Miaka 43. Jiji la Roma lilipiga marufuku mabakuli ya mviringo mwaka 2005. Sisi tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, na sijawahi kumwona mkaguzi akiinamia beseni la samaki Kariakoo.

Simtaki hata huyo mkaguzi kwa sasa. Nataka karatasi moja ibandikwe kwenye kioo cha duka: samaki huyu anaweza kupita sentimita 20, anaweza kuishi miaka mingi kuliko gari lako, anataka lita nyingi, na bakuli tunalouza hapa halimfai. Wangu sasa ana wiki ya kumi na moja, pezi moja la kifuani limebaki fupi, na nikisogeza khanga anapanda juu kudai njegere.

Muuzaji mmoja niliyemweleza habari ya karatasi alicheka mpaka akashika meza. "Sasa mteja akisoma hayo, atanunua nini?"

Nikamwambia amuuzie bakuli, kokoto na mnazi, samaki ambakize kwenye tangi kubwa. Akaniomba nisogee pembeni, nilikuwa nawazibia wateja njia.