Usifute bei ya zamani

Ndugu mfanyabiashara wa Kilombero, Soko Kuu au Tengeru, hebu cheki simu yako: "bei mpya", "bei mpya 2", "bei ya mwisho kabisa". Ipi ndiyo yenyewe? Mteja wa mkopo akikataa deni, akasema bei mliyokubaliana haikuwa hiyo, utamwonyesha nini?

Kwa maoni yangu, kufuta kunatutia hasara kuliko kukosea. Watengeneza programu wanalijua hili. Mwaka 2005 Linus Torvalds alianzisha Git, programu ya bure inayotunza kila toleo la kazi: nani kabadilisha, lini, na kwa nini.

Si lazima uanze na Git. Shika kanuni zake:

1. Orodha iwe moja tu.
2. Kila badiliko liwe na tarehe, jina na sababu, mfano "nauli ya mzigo imepanda".
3. Ya zamani ipigie mstari mmoja, ibaki inasomeka.

Ukitumia Google Sheets, historia ya matoleo inajihifadhi yenyewe.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari linalofutwafutwa halina tofauti na kukosa daftari. Leo anza na la madeni.