Si Kila Uchovu ni Malaria

Nasema wazi, na atakayechukia na achukie: huku kwetu Mkuu mgonjwa wa tezi ya shingo hutibiwa maradhi yote ya dunia kabla ya kupimwa lile alilo nalo. Mwanamke akisema amechoka, huandikiwa dawa ya malaria. Akirudi, hupimwa Widal, kipimo kilichobuniwa mwaka 1896, ambacho chaweza kuonyesha taifodi kwa mtu aliyekutana na vijidudu hivyo zamani na leo hana taifodi kabisa. Akirudi mara ya tatu, huambiwa ana mawazo. Na malaria yenyewe, ndugu msomaji, huku juu mbu wake ni wachache kuliko kule Kahe!

Shangazi yangu alizungushwa hivyo miaka miwili, katika zahanati ambayo sitaitaja. Alisikia baridi isiyoisha. Lakini nani Rombo atajali malalamiko ya baridi mwezi wa Julai? Sote tunajifunika. Ngozi ikakauka, sauti ikakwaruza, choo kikawa kigumu, akanenepa ilhali chakula anakigusa tu. "Shikamoo mama, naona umependeza siku hizi," kijana mmoja wa pale alimwambia. Shingo yake haikuwa na uvimbe wowote, na hapo ndipo wengi wanapopotea: wanadhani tezi haiugui bila rovu.

Fikra hiyo ina asili yake. Milimani mvua husomba madini joto kutoka katika udongo, ndiyo maana wazee wetu walilijua rovu. Mwaka 1994 Serikali ilitoa kanuni za kutia madini joto katika chumvi, na lilikuwa jambo jema kabisa. Ila tukajiaminisha kwamba chumvi imemaliza habari. La hasha. Uko ugonjwa ambao kinga ya mwili huishambulia tezi yenyewe. Hakaru Hashimoto wa Japani aliueleza mwaka 1912, na hauponi kwa chumvi. Tena, katika miaka ya 1990, huko Kivu na Zimbabwe walionekana watu ambao tezi zao, baada ya kuzoea uhaba, zilianza kufanya kazi kupita kiasi chumvi hiyo ilipoingia. Mgonjwa wa namna hiyo hutetemeka, hutoka jasho, moyo humwenda mbio, hukonda. Nasi tunakumbuka miaka ile mtu aliyekonda alivyozikwa midomoni mwa watu kabla hajafa.

Kisu nacho kina mambo yake. Mwaka 1883 Theodor Kocher, daktari wa upasuaji wa Uswisi, alieleza jinsi wagonjwa aliowaondolea tezi yote walivyovimba na kupumbaa baadaye. Leo tunajua kwamba aliyeondolewa tezi yote lazima ameze thairoksini maisha yake yote. Je, kila mama anayerudi nyumbani na kovu shingoni ameelezwa hivyo, kwa maneno anayoyaelewa?

Kipimo ninachokidai kinaitwa TSH, nacho ni damu kidogo tu ya mkononi. Chini ya ubongo ipo tezi ndogo inayoisimamia ile ya shingo. Ya shingo ikizembea, msimamizi hupiga kelele na TSH hupanda. Ikizidisha kazi, msimamizi hunyamaza na TSH hushuka. Ya shangazi ilikuwa juu mno. Alianzishiwa vidonge vya thairoksini, dawa ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha yake ya dawa muhimu, na baada ya miezi michache alikuwa kihambani na jembe lake.

Najua nitakavyojibiwa: kipimo ni ghali, mashine ziko mbali. Haya, tupige hesabu. Miaka miwili ya sindano na vidonge vya maradhi asiyokuwa nayo iligharimu kiasi gani? Mbuzi wangapi waliuzwa? Wala si lazima mgonjwa mwenyewe ateremke kila mara. Ndizi zetu hushuka kupitia Mwika, Marangu na Himo hadi Moshi mjini, ambako KCMC ipo tangu 1971. Kichupa kimoja cha damu kinashindwaje kupanda gari hilo hilo?