Kesi ya ngedere isiamuliwe na nyani jeshini

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Tunapomtafakari mwanajeshi, aghalabu humwona akiwa katika uwanja wa vita, adui yu mbele yake, risasi zinavuma, na mwenzake yu ubavuni akimlinda. Ni nadra kumfikiria askari ambaye jeraha lake kuu halikutokana na bunduki ya adui, bali lilitokana na mikono ya mtu aliyevaa sare kama yake, aliyekula naye meza moja na kulala naye kambi moja. Askari wa aina hiyo wapo, tena ni maelfu, wanawake kwa wanaume. Hao ndio ninaotaka tuwazungumzie leo, kwa sababu naamini kisa chao kina funzo kwa kila mahali ambapo mkubwa huamuru na mdogo hutii, shule zetu zikiwemo.

Nitautwaa mfano wa Marekani. Siuchagui kwa sababu jeshi la nchi hiyo limeoza kuliko mengine, bali kwa sababu ni miongoni mwa yale yanayohesabu dhuluma hizi na kuitangaza hesabu yenyewe hadharani. Isitoshe, wapo vijana wa Afrika Mashariki waliohamia huko na kujiunga na jeshi hilo. Kwa makadirio ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, wanajeshi wapatao 35,900 walitendewa vitendo vya kimapenzi bila ridhaa yao mwaka 2021. Mwaka 2023 makadirio yalishuka hadi wapatao 29,000, yaani asilimia 6.8 ya wanawake na asilimia 1.3 ya wanaume. Asilimia ya wanaume ni ndogo, lakini kwa kuwa wao ndio wengi jeshini, hesabu yao nayo ni ya maelfu. Wizara hiyo hiyo ilikadiria kwamba takriban robo tu ya waliodhulumiwa mwaka 2023 walipiga ripoti. Robo tatu walinyamaza. Kwa nini?

Kwanza tuuelewe uzito wa jeraha lenyewe. Raia akidhulumiwa kazini anaweza, ijapokuwa kwa hasara, kuandika barua ya kuacha kazi na kwenda zake. Askari hana hiari hiyo. Amefungwa na mkataba, na akiondoka kambini bila idhini ametenda kosa la kijeshi. Kesho yake atapanga mstari na aliyemdhulumu, atampigia saluti akiwa ni mkubwa wake, na huenda akatumwa naye vitani, ambako uhai wake utategemea uaminifu wa mtu huyo huyo. Jeshi humfundisha askari kwamba wenzake ni ndugu zake, nao hawatamwacha. Anayeumizwa na ndugu hao huumia mara mbili: mwili wake umevamiwa, na ile imani aliyoiegemea imevunjika.

Kiwewe cha namna hiyo hakiishi siku sare inapovuliwa. Humfuata mtu nyumbani. Huota ndoto za kutisha, hushtuka akiguswa begani, huepuka umati wa watu, na wengine hukimbilia pombe ili wapate usingizi. Jirani humwona askari wa zamani asiyetaka mazungumzo na kudhani kwamba ni vita vilivyomharibu, kumbe pengine hakuwahi kuuona uwanja wa vita.

Marekani ilichelewa kulikiri jambo hili. Mnamo Septemba 1991, katika mkutano wa marubani wa jeshi la wanamaji uliofanyika Las Vegas, wanawake 83 na wanaume 7 walishambuliwa kimapenzi, kama uchunguzi wa Wizara ya Ulinzi ulivyobaini baadaye. Kashfa hiyo, iliyojulikana kwa jina la Tailhook, ilitikisa nchi. Mwaka 1992 bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuwapatia ushauri na matibabu wanawake waliowahi kudhulumiwa walipokuwa jeshini, na mwaka 1994 wanaume nao wakajumuishwa. Siku hizi askari wa zamani anayekwenda katika hospitali za idara inayowahudumia huulizwa waziwazi iwapo aliwahi kutendewa hivyo. Takriban mwanamke mmoja katika kila watatu hujibu ndiyo, na mwanamume mmoja katika kila hamsini. Hutibiwa bila malipo, hata kama hakupiga ripoti yoyote wakati wa tukio.

Huo ni utaratibu mwema. Lakini kutibu si kuzuia, na wala si haki. Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Kwa miaka mingi, aliyekuwa na mamlaka ya kuamua iwapo mtuhumiwa atapelekwa katika mahakama ya kijeshi alikuwa kamanda. Kamanda huyo aghalabu aliwajua wote wawili, mlalamishi na mlalamikiwa. Huenda mlalamikiwa alikuwa ofisa wake hodari, mtu aliyemtegemea. Tena sifa ya kikosi ni sifa ya kamanda, na kashfa ya kikosi ni doa katika jina lake anapotarajia kupandishwa cheo. Je, ni haki kumtwika mtu kama huyo mizani? Hiyo ndiyo kesi ya ngedere kupelekewa nyani. Si lazima kamanda awe mtu mwovu. Hata mwema hushindwa kuhukumu jambo ambalo yeye mwenyewe ana maslahi ndani yake.

Matunda ya mpango huo yalionekana. Mwaka 2016 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti iliyoonyesha jinsi askari waliolalamika walivyoachishwa jeshi kwa vyeti vyenye madoa, baadhi yao wakiambiwa kwamba wana kasoro za akili. Aliyeumizwa akageuzwa mgonjwa, na cheti hicho kikamfuata kila alikokwenda kutafuta kazi.

Mnamo Aprili 2020, Vanessa Guillén, askari wa miaka 20 katika kambi ya Fort Hood, jimbo la Texas, aliuawa na askari mwenzake ndani ya kambi hiyo. Mabaki yake yalipatikana yapata miezi miwili baadaye. Uchunguzi wa jeshi lenyewe, uliotolewa mwaka 2021, ulikiri kwamba kabla ya kifo chake alikuwa amenyanyaswa kimapenzi na msimamizi wake, mtu mwingine asiyekuwa yule muuaji. Habari hiyo iliwafikia wakubwa wa kikosi, nao hawakuchukua hatua. Desemba 2020, baada ya kamati huru kuichunguza kambi hiyo, viongozi 14 walifutwa au kusimamishwa kazi. Dau la mnyonge haliendi joshi. La Vanessa lilizama kwanza, ndipo wenye nguvu wakashtuka.

Wapo wanaopinga kwamba jeshi ni nidhamu, na kwamba kumpokonya kamanda madaraka ya kuadhibu ni kuivunja nidhamu hiyo. Hoja hii ilitolewa na majenerali kwa miaka mingi. Seneta Kirsten Gillibrand wa New York alipoleta mswada wa kuwakabidhi waendesha mashtaka huru kesi hizi, kura za Machi 2014 zilikuwa 55 za kuunga mkono na 45 za kupinga, nao mswada ukakwama kwa kuwa zilihitajika 60. Nawaheshimu wanaoitetea nidhamu, kwani jeshi lisilo nayo ni genge tu. Lakini nawauliza: ni nidhamu gani inayolindwa pale mkubwa anapomvamia mdogo na mdogo akaambiwa anyamaze? Utii unaodaiwa kwa mdogo pekee huo ni utumwa. Nidhamu ya kweli humbana mwenye cheo kabla ya kumbana asiye nacho.

Hatimaye sheria ilibadilishwa. Mnamo Desemba 2021 bunge la Marekani liliamua kwamba kesi za ubakaji na makosa mengine makubwa ziondolewe mikononi mwa makamanda, na tangu mwishoni mwa Desemba 2023 waendesha mashtaka maalumu wasiokuwa chini ya makamanda hao ndio wanaoamua. Nchini Kanada mambo yalifuata njia iyo hiyo. Mwaka 2019 mahakama iliidhinisha fidia ya hadi dola milioni 900 za Kanada kwa waliodhulumiwa katika jeshi na wizara yake. Mwaka 2022 jaji wa zamani Louise Arbour alipendekeza kwamba makosa hayo yachunguzwe na kuhukumiwa na vyombo vya kiraia pekee. Mama huyo si mgeni kwetu. Ndiye aliyekuwa kiongozi wa mashtaka wa mahakama ya kimataifa ya Rwanda mjini Arusha, katika kipindi ambacho mahakama hiyo ilitoa hukumu ya mwaka 1998 dhidi ya Jean-Paul Akayesu, hukumu iliyotambua kwamba ubakaji unaweza kuwa kitendo cha mauaji ya kimbari.

Sheria pekee haitoshi. Askari anayenyamaza hanyamazi kwa kumwogopa kamanda tu, bali pia kwa aibu. Mwanamume hasa hujiuliza watu watamwonaje. Katika jambo hili lugha yetu nayo ina lawama. Tunasema mtoto "amenajisiwa", na neno najisi maana yake ni uchafu. Mtendaji anabaki safi katika sentensi, na mtendwa ndiye anayepakwa tope. Walimu wa Kiswahili na wanafunzi wao wana kazi ya kufanya hapa: kuchagua maneno yanayoiweka aibu mlangoni mwa mwenyewe.

Wana kazi nyingine pia. Shule, kama kambi, ina vyeo, ina kengele, ina amri. Mwanafunzi wa bweni hawezi kuondoka apendavyo, sawa na askari. Sheria yetu ya makosa ya kimapenzi ya mwaka 2006 inamtaja bayana mwalimu anayetumia wadhifa wake kumrubuni mwanafunzi, na waraka wa Tume ya Huduma kwa Walimu wa mwaka 2010 unamtaka mwalimu anayeshuku dhuluma hiyo aripoti katika muda wa saa 24. Maandishi hayo ni mema. Lakini mwanafunzi anayelalamika dhidi ya mtu mwenye cheo ashitaki kwa nani, ikiwa aliye karibu naye ni rafiki wa huyo mtu, au ni yeye mwenyewe?

Basi kila shule na ijiulize ikiwa kuna mlango ambao mdogo anaweza kubisha bila kupita mbele ya yule anayemwogopa. Marekani ilichukua zaidi ya miaka 30, tangu Tailhook hadi mwaka 2023, kuuchonga mlango huo jeshini. Sisi hatuna sababu ya kungoja muda wote huo, wala ya kungoja hadi mtoto wa mtu azikwe.