Nauli ya Mgonjwa ni Suala la Haki



Mkulima wa Kasense anapoambiwa kwamba uvimbe wa mkewe ni saratani, swali lake la kwanza huwa si juu ya dawa. Huuliza nauli ni kiasi gani. Tumelisikia swali hilo mara nyingi tunapowatembelea wagonjwa, na linatupasa kulijibu.

Hospitali ya mkoa humpima na kumpa rufaa. Lakini tiba ya mionzi i mbali. Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoundwa mwaka 1996, iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Sumbawanga. Bugando, hospitali ya Kanisa, iko Mwanza. Tena mionzi haimalizwi kwa siku moja. Kwa kawaida hutolewa kidogo kidogo kwa majuma kadhaa. Muda huo wote mgonjwa ahitaji malazi, chakula na ndugu wa kumwangalia. Familia huuza maksai, kisha mahindi kabla hayajapanda bei. Wengine hurudi nyumbani kabla tiba haijakamilika. Wengine hawaondoki kabisa.

Kifo cha namna hiyo tusikiite mapenzi ya Mungu. Msamaria Mwema hakuishia kufunga majeraha. Alimpandisha majeruhi juu ya mnyama wake, akampeleka nyumba ya wageni, akalipa gharama. Usafiri na malazi vilikuwa sehemu ya uponyaji.

Hatudai mashine ya mionzi katika kila mkoa. Ni ghali, na wataalamu wake ni wachache. Tunachodai ni kwamba nauli na malazi ya maskini mwenye rufaa yahesabiwe kuwa sehemu ya matibabu katika mipango ya Serikali. Pia wale wasioweza kupona wapate morfini ya kunywa karibu na nyumbani, ili wasife kwa maumivu yanayoweza kutulizwa.

Nasi tunao wajibu. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi yetu, nayo huchukua miaka mingi kukomaa. Dalili zake za awali huweza kutambuliwa kwa kipimo chepesi cha siki. Chanjo yake ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 dozi moja yatosha kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mzazi anayemficha binti yake siku ya chanjo kwa sababu ya uvumi anamwandalia safari ndefu. WAWATA wa kila kigango na wapange siku ya kwenda kupimwa pamoja, maana mmoja mmoja huona haya. Kila jumuiya ndogo ndogo na ianzishe mfuko wa nauli, hata kwa debe la mahindi baada ya mavuno. Na wana wa Ufipa waishio Dar es Salaam na Mwanza wafungue milango yao.

Mkulima wa Kasense atauliza tena. Siku hiyo jumuiya yake iwe na jibu.