Starehe si adui wa mwanafunzi ughaibuni

Kila ifikapo mwezi wa Septemba, Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta hujaa vijana waendao ng'ambo kusoma, wakisindikizwa na wazazi, mashangazi na hata mchungaji wa kanisa. Wosia wanaopewa huwa ni ule ule: "Hukwenda huko kustarehe." Ni wosia wa haki, kwani nyuma ya tiketi ile pana harambee, mkopo wa chama cha ushirika na pengine ekari ya shamba iliyouzwa. Hata hivyo, nauona umekwenda upogo.

Tuchukue mfano wa Ujerumani, nchi niliyosomea mimi mwenyewe. Vyuo vikuu vingi vya umma huko havitozi karo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg limewatoza wanafunzi watokao nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu mwaka 2017. Lakini kabla ya kupewa viza, mwanafunzi huonyesha kwamba anazo fedha za kumkimu. Tangu Septemba 2024, kiwango hicho ni euro 11,904 kwa mwaka, na kwa kawaida huwekwa katika akaunti ambayo hutoa euro 992 tu kila mwezi. Sheria iliyoanza Machi 2024 humruhusu kufanya kazi siku 140 nzima, au nusu siku 280, kwa mwaka.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Fedha zile mara nyingi ni za kukopa, na deni halingoji mtihani. Kijana hupakia mizigo ghalani usiku, asubuhi akasinzia mhadharani. Nyumbani hakuna amwitaye mpotevu. Kinyume chake, fedha zikiingia katika simu ya mama husifiwa kijiji kizima. Mpotevu ni yule aliyeonekana pichani akicheza dansi Jumamosi!

Wote wawili, kwa maoni yangu, wana upungufu mmoja. Shule zetu za bweni humwendesha mtoto kwa kengele tangu alfajiri hadi usiku. Huko aendako hakuna kengele. Mihadhara mingi haina orodha ya mahudhurio, na aghalabu alama zote za somo hutegemea mtihani mmoja wa mwisho wa muhula. Asiyepata kugawa saa zake mwenyewe atazipoteza, iwe ghalani au kilabuni.

Neno "starehe" lenyewe, ambalo asili yake ni Kiarabu, lilihusu kupumzika. Mwenyeji wa pwani humwambia mgeni anayetaka kuinuka, "Starehe!" yaani akae, asijisumbue. Ni sisi wa bara tuliolifunga kwenye chupa ya bia.

Na mapumziko hayo yana faida ambayo mwanaisimu hawezi kuipuuza. Darasani na maktabani mwanafunzi hupata Kijerumani cha vitabu. Kile cha kukatiza maneno, cha mzaha na cha kuulizana jambo haraka hupatikana katika timu ya mpira, kwaya au jiko la bweni. Asiyekuwa nacho hukaa kimya kwenye semina hata kama amesoma kuliko wenzake, wala hapati rafiki wa kumwazima maandishi ya mhadhara uliompita. Isitoshe, mwezi wa Desemba jua hutua kabla ya saa kumi na moja jioni, na upweke wa chumba kimoja umewavunja watu hodari.

Simtetei mlevi, wala simwambii mwenye deni asilipe. Nisemalo ni kwamba mzazi auliziaye fedha tu kila anapopiga simu anashiriki katika kumfelisha mwanawe. Familia ikae kabla ya safari, itaje deni kwa shilingi kamili na miezi ya kulilipa, na ile miezi miwili ya mitihani, Februari na Julai, iachwe wazi bila ya kudaiwa chochote.