Vita vya Kinyozi

Na Mwana wa Kibokoni

Jenerali amenikera tena. Wasomaji wa siku nyingi mwamjua: ni yule kinyozi wangu ambaye silaha pekee aliyowahi kuishika ni wembe. Jumatatu alinikamata nimeegemea kiti, povu limejaa kidevuni, na kwenye runinga mchambuzi mmoja mwenye tai akieleza jinsi serikali ya masheikh wa nchi fulani inavyoweza kuangushwa kwa mabomu ya wiki mbili. "Ondoa vichwa kumi tu," Jenerali akadakia, wembe ukiwa shingoni mwangu, "nchi nzima itanyooka." Benchi zima likaitikia kama liko kwenye hitima.

Nilinyamaza kwa sababu za kiusalama. Alipohamia shavu la pili nikamuuliza kama aikumbuka Mogadishu ya 2006. Akasema mwaka ule alikuwa na shughuli nyingi. Nazijua shughuli zake: Kombe la Dunia.

Basi nimkumbushe hapa, ambapo hanishikii wembe. Juni mwaka ule Muungano wa Mahakama za Kiislamu uliwatimua Mogadishu wababe wa vita waliokuwa wakifadhiliwa na CIA. Vizuizi vya kuwatoza watu pesa barabarani vikaondolewa; uwanja wa ndege na bandari, vilivyokuwa vimefungwa zaidi ya miaka 10, vikafunguliwa. Sisemi walikuwa malaika. Zipo mahakama zilizofunga vibanda vya kutazamia mpira, na Novemba wakapiga marufuku miraa, jambo ambalo lingemfanya Jenerali achukue bunduki kweli. Lakini ndani ya muungano huo alikuwamo Sheikh Sharif Ahmed, mwalimu wa jiografia, na alikuwamo Aden Hashi Ayro na vijana wake wa Al-Shabaab, wakati huo kikundi kidogo tu. Hao wangeachwa wavutane wenyewe juu ya takataka, ushuru na hiyo miraa. Kutawala humchosha mtu mkali.

Hawakupewa nafasi ya kuchoka. Desemba Ethiopia ikaingia kwa baraka za Washington, na mwaka haujaisha Mogadishu ikawa mkononi mwake. Hata wiki mbili hazikufika! Sharif akakimbilia huku Kenya. Vijana wa Ayro wakabaki, na sasa wana kitu walichokuwa wamekikosa: jeshi la kigeni la kupigana nalo. Kikundi kikawa jeshi. Ethiopia ikaondoka Januari 2009, na mwisho wa mwezi huohuo wabunge wa Somalia waliokutana Djibouti wakamchagua nani kuwa rais? Sheikh Sharif yuleyule. Miaka miwili ya damu, kumbe ni ya kumrudisha mwalimu wa jiografia ofisini.

"Kwa hivyo wewe watetea Shabaab," Jenerali akanirushia. Hapo ndipo niliposhuka kitini na nusu ya ndevu zangu. Mkenya gani anahitaji kinyozi amfundishe habari ya shambulio lao la Garissa, 2 Aprili 2015, roho 148, wengi wao wanafunzi? Kumchukia muuaji hakukulazimishi umsahau aliyemlea.

Na Mukhtar Robow je? Huyu alikuwa naibu kiongozi na msemaji wa Al-Shabaab. Marekani ilitangaza zawadi ya dola milioni 5 kwa atakayesaidia kumpata. 2017 akajisalimisha. 2018 akagombea urais wa jimbo la Kusini Magharibi, akakamatwa kabla ya kura, watu wakaandamana na wengine wakauawa. Agosti 2022 akateuliwa waziri wa mambo ya dini. Hakuna bomu lililomgeuza. Kilichomgeuza ni kugombana na wenzake, ni ukoo wake, ni umri, na ni tamaa ya kiti, ugonjwa ambao sisi huku huugua kila baada ya miaka mitano.

Mtasema njia hiyo ya kuwaacha wavutane wenyewe ni ya polepole mno, na inawapa vyeo watu wenye mikono michafu. Ni kweli yote mawili. Lakini ile njia ya haraka tumeijaribu. Oktoba 2011 wanajeshi wetu nao wakavuka mpaka, na zaidi ya miaka 10 baadaye walikuwa bado hawajarudi. Walioagiza vita vya 2006 walikuwa wakilala Addis Ababa na Washington. Wanaolala Lamu na Mandera ni sisi.